Kuujua mji si kukijua kisiwa

Upo mchezo mmoja unaopendwa sana huku ughaibuni, maskulini na hata katika mashindano ya maswali kwenye televisheni. Mtu hutajiwa mji mkubwa, naye hutakiwa ataje kisiwa ambamo mji huo umo. Akiambiwa Tokyo, ajibu Honshu. Akiambiwa Jakarta, ajibu Java. Palermo ni Sicily, Colombo ni Sri Lanka, Auckland ni kile kisiwa cha kaskazini cha New Zealand, na Antananarivo ni Madagascar, ambayo wazee wetu wakiiita Bukini. Anayejibu mengi hupigiwa makofi na akaambiwa kuwa anaijua dunia.

Hatuna ugomvi na mchezo huo. Mtoto anayejua kuwa Copenhagen imejengwa juu ya kisiwa ameshamshinda baba yake aliyekaa Denmark miaka mingi bila ya kulitambua hilo. Lakini mchezo unajenga mazoea fulani, nayo ni kudhani kwamba ukishaujua mji, kisiwa nacho umeshakijua. Mazoea hayo yametoka zamani kwenye mchezo na kuingia katika khabari, katika mipango ya serikali, katika misaada, na hata katika ndimi zetu wenyewe. Na wapo watu wanaoyalipia. Kwa upande wetu wa dunia, wanaoyalipia zaidi ni watu wa Pemba.

Tuanze na mitego iliyomo ndani ya mchezo wenyewe. Ukimuuliza mtu mji mkubwa wa kisiwa cha Vancouver, wengi watajibu Vancouver, nao watakuwa wamekosea. Mji wa Vancouver uko bara, na kisiwa chenye jina hilo kiko ng'ambo ya bahari, na mji wake ni Victoria. Ukiuliza mji mkubwa wa Luzon utajibiwa Manila, lakini sensa ya Ufilipino ya mwaka 2020 iliwakuta watu karibu milioni 3 Quezon City, na chini ya milioni 2 katika mji wa Manila wenyewe. Ukisema kuwa Ireland ni Dublin, umeifuta Belfast, ambayo imo katika kisiwa hicho hicho lakini chini ya dola nyengine. Hispaniola nayo ina Santo Domingo upande mmoja na Port-au-Prince upande wa pili, nchi mbili zenye lugha mbili na hali mbili za maisha. Je, uchague mji upi kukisemea kisiwa kizima? Na Borneo, iliyogawanywa na nchi tatu, Indonesia, Malaysia na Brunei, nani atakubali mji wa mwenzake uwe ndio jina lake?

Waindonesia wamelipa gharama ya mazoea haya kwa fedha taslimu. Nchi yao ina visiwa zaidi ya 17,000, lakini kwa miaka mingi mambo yote makubwa yalikuwa Jakarta: serikali, benki, viwanda na matajiri. Sensa yao ya mwaka 2020 ilionesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wote milioni 270 wanaishi katika kisiwa kimoja, Java. Mwaka 2019 Rais Joko Widodo alitangaza kuwa makao makuu yatahamishiwa Kalimantan ya Mashariki, ndani ya Borneo, na mwaka 2022 mji huo mpya ukapewa jina la Nusantara. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi, ikiwemo kuwa Jakarta inadidimia na msongamano wake hauvumiliki. Lakini mojawapo ilikuwa hii tunayoizungumza hapa, kwamba maendeleo yasiendelee kurundikana Java peke yake. Kama mpango huo utafanikiwa au hautafanikiwa ni jambo jengine. La muhimu ni kuwa taifa zima lilifika pahala likakiri kuwa mji mmoja ulikuwa umewafunika wengine.

Sasa tugeuke tujitazame wenyewe, kwani Waswahili nasi hatuko mbali na mchezo huu. Kule nyumbani kila aliyekuja Uingereza yuko London, hata kama anaishi Leicester au Manchester na London aliiona siku ya kuteremka uwanja wa ndege tu. Kila aliyekwenda Oman yuko Maskati, hata kama yuko Sur au Nizwa. Na Mkomoro yeyote aliyekanyaga Unguja, Mombasa au Dar es Salaam tulimwita Mngazija, awe ametoka Ngazija, Nzwani, Mwali au Maore. Mtu wa Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, alijieleza mpaka akachoka, mwisho akakubali kuwa Mngazija kwa sababu kubishana na mtaa mzima hakuna faida.

Kwetu sisi hilo lilikuwa jambo dogo la baraza. Kwa Wakomoro wenyewe halikuwa dogo hata kidogo. Tangu visiwa vyao vitatu vilipopata uhuru mwaka 1975, Maore ikibaki na Ufaransa, serikali ilikaa Moroni, mji mkubwa wa Ngazija, na dunia ikajua kuwa Komoro ni Moroni. Watu wa Nzwani na Mwali walilalamika kwa miaka kwamba wamesahauliwa. Mwaka 1997 visiwa hivyo viwili vikatangaza kujitenga, na Nzwani wakafika hadi ya kuomba warejeshwe chini ya Mfaransa, ambaye aliwakataa. Katiba ya mwaka 2001 ilijaribu kutibu jeraha hilo kwa kuufanya urais uwe wa zamu baina ya visiwa. Hata hivyo mgogoro haukwisha, na mwezi Machi 2008 askari wa Umoja wa Afrika, wakiwemo wa Tanzania na Sudan, waliteremka Nzwani na kumng'oa Kanali Mohamed Bacar.

Tunawaomba wasomaji waishike hiyo khabari ya askari wa Tanzania. Miezi miwili tu baadaye, Mei 2008, kikundi cha wazee wa Pemba kilipeleka ombi kwenye ofisi ya Umoja wa Mataifa mjini Dar es Salaam, kikitaka kisiwa chao kijitenge na Unguja. Baadhi ya wazee hao walikamatwa. Mtu anaweza kuwalaumu kwa walichokitaka, na sisi hatukuwa wala si wenye kutaka visiwa vyetu vigawike. Lakini asiyejiuliza ni kitu gani kiliwafikisha wazee wa makamo yale katika mlango ule, huyo hataki kujua.

Jina la Zanzibar limebeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja. Ni jina la visiwa vyote pamoja, ni jina ambalo ramani nyingi za wageni zinakipa kisiwa cha Unguja peke yake, na ni jina la mji. Msikilize mgeni aliyerudi kutembea: atakwambia ameiona Zanzibar, na anachokusudia ni Mji Mkongwe na siku tatu za ufukweni. Hata Unguja yenyewe haijaimaliza, kwani Ng'ambo hakuingia, na Tumbatu aliiona kwa mbali kama aliiona. Sasa Pemba itatokea wapi katika Zanzibar ya namna hiyo? Ukimtajia mgeni Pemba, kuna hatari akupeleke Msumbiji, kwani huko upo mji wa Pemba, makao makuu ya Cabo Delgado, ambao enzi za Mreno ukiitwa Porto Amélia. Ndivyo ilivyo duniani. Mji na kisiwa vikigombania jina moja, aghlabu mji ndio unaoshinda.

Wala Pemba si kijisiwa. Ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 1,000. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu huko watu zaidi ya 543,000, katika jumla ya Wazanzibari wapatao 1,890,000. Hiyo ni karibu asilimia 29. Kwa lugha nyepesi, kati ya kila Wazanzibari kumi, takriban watatu wanaishi Pemba, achilia mbali waliozaliwa huko na sasa wako Unguja, Tanzania Bara, Kenya, Ghuba na huku Ulaya. Bara nako kuna kichekesho chake: mitaani watu wanajua duka la Mpemba liko wapi, wananunua hapo mchele na mafuta kila siku, lakini wengi wao ukiwauliza Pemba kuna miji gani hawawezi kukutajia Chake Chake, Wete wala Mkoani.

Tuchukue karafuu. Karne ya 19 zao hilo lilianzia Unguja, lakini kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika zaidi. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu imekuwa ikitoka Pemba. Wakulima wa Pemba ndio waliopanda juu ya miti, wakaanguka na kuvunjika, na wakazianika majamvini na kuzikimbiza mvua inapokuja. Duniani zikaitwa karafuu za Zanzibar. Jina halikuwa la uongo, ila kila aliyelisikia alifikiri kuwa zinatoka pale bandarini mjini, karibu na Forodhani.

Tuchukue umeme. Unguja iliungwa na gridi ya Bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980. Pemba iliungwa mwaka 2010, kwa waya uliotokea Tanga. Baina ya tarehe hizo ipo miaka 30, yaani mtoto aliyezaliwa Pemba mwaka 1980 alikua, akaoa na akapata watoto wake, huku kisiwa kikitegemea majenereta ya dizeli. Mwezi Mei 2008 waya wa Unguja uliharibika, na kisiwa kikakaa takriban mwezi mzima bila ya umeme. Mwishoni mwa mwaka 2009 ukaharibika tena, na mara hiyo kiza kikachukua kama miezi mitatu. Vyombo vya khabari vya kimataifa vikatuma waandishi, na dunia ikaambiwa kuwa Zanzibar imo gizani. Ilikuwa kweli, na watu wa Unguja waliteseka: maji yalikatika, biashara zilikufa, hoteli zilihesabu hasara. Lakini hebu tujiulize, ni mwandishi gani aliyepanda boti siku zile akenda kuwauliza watu wa Pemba kuwa wao gridi wataiona lini? Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Kwetu jina la Zanzibar liling'ara, na walioko Pemba wakabaki na kiza chao.

Kuna mambo mazito zaidi ya umeme. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, maandamano ya wafuasi wa upinzani yalikabiliwa kwa risasi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa, na wengi wao waliuliwa Pemba. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, pwani ya Kenya, wengi wao kwa ngalawa na mashua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, kutoa wakimbizi wa idadi kama hiyo. Katika khabari za mbali ilikuwa ni ghasia za Zanzibar, na aliyesoma huko Ulaya au Marekani alifikiri juu ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Majina ya Micheweni, Wete na Mtambwe hayakuwa na pahala pa kukaa katika kichwa chake, kwani hakuwahi kuyasikia.

Ikaja tarehe 10 Septemba 2011. Meli ya Spice Islander ilizama usiku katika mkondo wa Nungwi ikiwa imepakia kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na mamia ya wengine hawakuonekana tena. Ilikuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, siku chache baada ya Sikukuu. Kuna nyumba Pemba zilizopoteza baba, mama na watoto kwa mpigo mmoja. Watu wale hawakuwa watalii wala hawakuwa wakitembea. Walikuwa wakirudi kwao, kwa chombo walichokipata, kwa sababu usafiri baina ya mji na kisiwa chao ulikuwa wa kubahatisha. Khabari ya dunia ilikuwa meli imezama Zanzibar. Hilo lilitosha kwa mtu wa mbali. Kwa sisi halikutosha, kwani anayeuliza kwa nini watu wengi namna ile walijazana katika meli moja, jawabu yake hataipata mjini ilikotokea meli. Ataipata kwenye kisiwa kilichokuwa kikingojea boti.

Wapo wenzetu watakaosema kuwa kutaja Unguja na Pemba mbalimbali ni kuleta ubaguzi, kwamba sote ni Wazanzibari na yanatosha. Hoja hii tunaiheshimu, kwani majina hayo yameshatumika vibaya na wanasiasa, na wapo walionyimwa kazi na kupewa majina ya kejeli kwa sababu ya kisiwa walichozaliwa. Lakini dawa ya jina lililotumika vibaya ni kulitumia vizuri. Wakomoro walijaribu kunyamaza kwa zaidi ya miaka 20, na kimya chao kikazaa kujitenga. Aliyesahauliwa akitajwa kwa jina lake, akahesabiwa na akapewa haki yake, hana sababu ya kutaka kuondoka. Anayetaka kuondoka ni yule anayeambiwa kila siku kuwa sote ni wamoja, halafu mgawo ukifika hamuoni aliyemwita ndugu.

Wapo pia watakaosema kuwa mji ndio wenye watu, basi mji ndio wenye haki ya jina. Ni kweli kuwa Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na watu karibu 893,000 katika sensa ya 2022. Lakini nani hao waliomo humo? Sehemu kubwa ni watu waliohama mashamba na waliohama Pemba, kwa sababu kazi, hospitali kubwa, vyuo na ofisi vimo mjini. Mji umekua kwa kuvuta, na kila ukivuta unazidi kuonekana kuwa ndio nchi. Ukiutumia ukubwa huo kuwa ni hoja ya kuupa zaidi, utakuwa unamlipa mtu kwa kula sahani ya mwenzake.

Tuwe waadilifu, na tuseme kuwa jambo hili halikomei kwa Pemba. Mtu wa Makunduchi naye amefunikwa na mji. Ndani ya Pemba yenyewe, mvuvi wa Kojani atakwambia kuwa akisemwa Pemba yeye hakusemwa. Huko Kenya, kisiwa cha Pate ni kikubwa kuliko kisiwa cha Lamu, na miji yake ya Pate, Siyu na Faza ina historia ndefu ya watawala, wanavyuoni na mafundi, lakini wageni wote wanaishia Lamu na kuandika kuwa wameyaona yote. Mombasa nako mji umekijaza kisiwa chote, ukamwagikia Likoni, Kisauni na Changamwe, hata watoto wa leo wanasahau kuwa Mvita ni kisiwa, mpaka feri ya Likoni inapokwama.

Tunachokitaka si kikubwa. Kwanza, waandishi wa khabari, wa nyumbani na wa nje, waandike jambo limetokea wapi. Likitokea Wete liandikwe limetokea Wete, kisiwani Pemba, na neno Zanzibar liachiwe yale yanayovihusu visiwa vyote. Haigharimu zaidi ya maneno mawili.

Pili, serikali itoe hesabu zake kwa kisiwa na kwa wilaya, kama sensa inavyofanya. Wastani wa Zanzibar unaficha mengi. Ikisemwa kuwa skuli kadhaa zimejengwa, tuambiwe ni ngapi Unguja na ngapi Pemba, na ndani ya Unguja ni ngapi nje ya mji. Hatusemi kila kitu kigawanywe nusu kwa nusu. Tunasema mgawo uonekane, ili mwenye kulalamika alalamike kwa ushahidi, na mwenye kusifu naye asifu kwa ushahidi.

Tatu, na hili linatuhusu sisi tulioko nje moja kwa moja. Watoto wetu wanazaliwa Uingereza, Denmark, Kanada na Oman. Wakiulizwa kwao ni wapi wanajibu Zanzibar, kisha wanaonesha picha ya Forodhani hata kama bibi yao hajaondoka Konde maisha yake yote. Tuwafundishe jina la kisiwa, jina la wilaya na jina la kijiji. Tuwaambie kuwa Pemba ilitoa washairi kama Kamange na Sarahani, kuwa msitu wa Ngezi uko huko, na magofu ya Pujini na Ras Mkumbuu yako huko. Na wakienda likizo, wasimalize wiki zote nne mjini na ufukweni. Wapelekwe Pemba, na waione njia wanayopita watu kila siku.

Ule mchezo wa miji na visiwa uendelee, hatuuzuii. Tunaomba tu pakiulizwa swali la kwanza, la mji mkubwa ni upi, liongezwe la pili: na huko kwengine ndani ya kisiwa hicho wanaishi nani, na wanaishi vipi? Hilo la pili ni gumu zaidi, na wengi wanaopigiwa makofi kwa la kwanza watalikosa. Lakini ndilo wanaloulizwa watawala wetu kila siku na watu wa Pemba, nao wana haki ya kupewa jawabu.